Mitihani ya chuo (UE) inaisha na GPA yako ni nzuri: ubaki mjini na lekcha au urudi Kigoma?

Wadogo zangu wa Kigoma mlioko vyuoni, najua mko kwenye zile siku ambazo mtu analala masaa matatu, chai ya rangi usiku kucha, msuli mpaka herufi zinaanza kucheza kwenye karatasi, na katikati ya hayo yote kuna swali linakuzunguka ambalo hakuna kozi iliyokufundisha kulijibu, nikitoka pepa ya mwisho, likizo hii ndefu naelekea wapi? Mwezi huu peke yake nimeulizwa hilo swali na wanne, mmoja wa Ujiji, wawili wa Mwanga, mmoja wa Kasulu, wote wana GPA (wastani wa alama za kozi zote, juu kabisa ni 5) za kueleweka, wa chini ana 3.6 na wa juu 4.5, na kila mmoja anadhani tatizo ni lake peke yake. Basi nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, nizilaze njia zenyewe ubavu kwa ubavu muone ipi inamfaa nani.

Njia ya kwanza ni kubaki mjini, Dar au Dodoma au Morogoro, ukakaa karibu na lekcha ukamsaidia risechi yake. Ya pili ni kurudi Kigoma ukafanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, au ukajitolea kwenye taasisi iliyopo huku. Wengi wenye GPA kubwa wanaikimbilia ya kwanza maana inaonekana ndiyo ya vipanga, na ya pili inaonekana ya mtu aliyekosa pa kushika huko mjini. Mimi nasema kwa mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili anayetoka Kigoma, mara nyingi ya pili ndiyo ina faida zaidi, na nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia ni lini ile ya kwanza inashinda maana ipo siku inashinda kabisa.

Kwanza hesabu, maana kuna watu wameshajitoa wenyewe

Huyu wa 3.6 aliniandikia kama mtu anayeomba msamaha, dada mimi siyo wa fasti klasi ila naomba ushauri. Sikiliza. Kwenye GPA ya 5 inayotumika vyuo vyetu vingi, fasti klasi inaanzia 4.4 na apa sekondi inaanzia 3.5 mpaka 4.3. Skolashipu za Commonwealth za Uingereza kwa masta zinataka angalau apa sekondi. Nafasi za TA, ile ngazi ya kwanza kabisa ya kufundisha chuo, vyuo vikuu vya umma kwa kawaida vinataka isiyopungua 3.8. Sasa kama kozi yako ni ya miaka mitatu na krediti za kila mwaka zinakaribiana, mtu mwenye 3.6 baada ya miaka miwili akitaka kumaliza na 3.8 anahitaji 4.2 mwaka wa tatu, yaani kwenye kila kozi tano apate B+ nne za pointi 4 na A moja ya pointi 5. Hicho ni kitu kinachowezekana kwa mtu aliyetulia. Mwenye 4.3 akitaka 4.4 anahitaji 4.6. Ila mwenye 4.1 anayeitaka fasti klasi anahitaji A tupu mwaka mzima, na huyo namwambia kwa upendo, usiue afya yako kwa ajili ya 4.4, 4.2 yenye barua nzuri nyuma yake inakufikisha mbali.

Na hapo ndipo ninapotaka mkae na mimi. GPA ya mwaka uliopita huwezi kuigusa tena Agosti ukiwa likizo, imeshaandikwa. Kitu unachoweza kukibadilisha Agosti ni kimoja, kuwa na mtu mzima mwenye dhamana ambaye ameiona kazi yako kwa macho yake na anaweza kuandika kurasa nzima kukuhusu bila kuuliza mtu. Fomu karibu zote za skolashipu na masta zinaomba warefa wawili au watatu, yaani watu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza, na wanaochagua wana mafaili mamia yenye GPA kama yako, kinachobaki kuwatofautisha ni nani anakusemea na anasema nini. Kwa hiyo mimi kila nikilinganisha likizo mbili nauliza swali hilohilo, mwisho wake nani ataandika barua, na atakuwa na cha kuandika?

Mimi nilifanya zote mbili

Mwisho wa mwaka wa kwanza nilibaki Dar. Lekcha mmoja alinisifia baada ya testi, akasema likizo hii baki, nina kazi ya data, nitakuhitaji. Nikampigia mama Ujiji nikamwambia siji, tukachanga hela ya gheto na wenzangu wawili, chumba kimoja cha joto kali, maji tunanunua kwa ndoo, nikaanza kusubiri. Wiki ya kwanza alisafiri. Ya pili mradi ulikuwa haujaletewa fedha. Nikawa naenda ofisini kwake kila Jumatatu na kila Alhamisi nakaa kwenye benchi la korido na daftari langu, na nilikuwa naona aibu kumuuliza kwa sababu ni mkubwa kwangu na nilidhani ukiuliza sana utaonekana huna adabu. Mpaka likizo inaisha nilifanya kazi siku nne tu, kuingiza dodoso kwenye kompyuta. Hakuwa mtu mbaya, aliahidi kabla ya kuwa na uhakika, basi. Lakini barua aliyokuja kuniandikia baadaye ilikuwa na sentensi tatu, namfahamu, ana nidhamu, alifaulu somo langu. Angeweza kumwandikia hivyo mwanafunzi yeyote kwenye darasa la watu mia mbili.

Mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Nilikuwa nasoma mambo ya samaki, nikaomba fildi kwenye taasisi moja ya huku inayoshughulika na ziwa, wiki nane. Kazi yangu ilikuwa Kibirizi, mwaloni, boti za dagaa zinaporudi alfajiri. Saa kumi na moja na nusu bado giza, baridi ya ziwa inapenya mpaka kwenye mifupa, taa za boti zinaonekana kwa mbali zinakuja moja moja, akina mama wa chanja wamejifunga khanga mbili mbili wanasubiri na ndoo. Napewa dagaa wachache kutoka kila boti, nawalaza mmoja mmoja kwenye ubao wenye rula, kichwa kigote mwanzo wa ubao, nasoma mpaka mwisho wa mkia, naandika kwa penseli kwa sababu peni ikigusa maji ya ziwa karatasi inakuwa madoa matupu. Siku ya kwanza nilipima arobaini nikadhani nimefanya kazi, mkuu wangu akaniambia kwa upole kesho mia.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye boti, kila asubuhi namwamkia shikamoo mzee, anaitika marahaba mwanangu, halafu anaendelea na nyavu zake. Wiki ya tatu boti zikawa hazitoki, nikaja siku mbili nikakuta mwalo mweupe, nikachanganyikiwa nikaona data zangu zimekufa. Yule mzee akaniona nimesimama akaniambia, "Mwanangu, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kalale, urudi mwezi ukipungua." Nikaandika maneno yake kwenye logibuku vilevile. Mkuu wangu alipoyasoma akaniuliza, sasa kwa nini usichore grafu ya mavuno kwa siku za mwezi? Grafu ile ndiyo ikaja kuwa projekti yangu ya mwaka wa tatu. Mimi mtoto wa Ujiji nimekua nikisikia kwamba mbalamwezi hakuna dagaa, bei inapanda sokoni, ila sikuwahi kufikiria kwamba hicho ni kitu cha kupimwa na kuandikwa.

Na barua ya yule mkuu wangu ilikuwa na kurasa mbili. Aliandika kwamba kwenye siku 38 nilizotakiwa kuwa mwaloni sikuchelewa hata moja, akaandika kwamba niligundua karatasi za zamani zimechanganya urefu wa sentimita na milimita nikazirekebisha moja moja. Mtu aliyekaa mbali akisoma barua ile anapata picha ya mtu. Cheo chake kilikuwa kidogo kuliko cha yule lekcha, hana udokta, na bado ndiyo barua iliyonibeba.

Sasa tuzilaze pamoja

Kwa upande wa ujuzi, mjini ukipata mradi wa kweli unajifunza vitu ambavyo huku ni vigumu kuvipata, maabara yenye vifaa, programu za takwimu, kusoma makala za watu, kuandika. Huku unajifunza kazi inavyofanyika kabla haijawa namba, unajifunza kuongea na watu, kupanga siku yako bila kengele ya kipindi. Anayesoma kompyuta, kemia ya maabara, au uhandisi unaohitaji mashine fulani, huyo mjini kunamlipa zaidi, sitamdanganya. Anayesoma ualimu, afya ya jamii, samaki, kilimo, misitu, wanyamapori, ustawi wa jamii, takwimu, usafirishaji, huyo Kigoma ni shule kubwa.

Kwa upande wa uhakika, mjini kila kitu kinategemea mtu mmoja na mradi mmoja, ukikwama umekwama. Fildi ina barua, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ina logibuku inayosainiwa. Udhaifu wake ni kwamba Kigoma ni mbali na supavaiza wa chuo, akija anakuja mara moja anakaa nusu siku, au anakupigia simu tu, kwa hiyo usipomwandikia wewe mwenyewe kila wiki mbili mistari mitano ya maendeleo atakuwa hajui ulifanya nini na maksi zako za fildi zitakuwa za kukisia.

Hela nisiizungumzie sana, kila mmoja anajua mfuko wake. Mjini kodi ya gheto na nauli za daladala zinakula kila siku, huku unalala kwenu na unakula ugali na migebuka ya mama. Nauli ya kuja ni ndefu, kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, ila ni mara moja kuja na mara moja kurudi. Na kama una mkopo wa bodi na kozi yako ina fildi, fuatilia mapema kama jina lako lipo kwenye malipo ya fildi, kuna watu wanakuja kugundua wako huku tayari kwamba hawakusaini.

Lugha, hii watu wanaisahau. Kama unaongea Kiha, mradi wowote wa kuhoji kaya Kasulu, Kibondo, Buhigwe au Kakonko wewe una thamani ambayo mwenzako mwenye 4.8 asiyekijua hana. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hata kwa wakimbizi kutoka Burundi unaweza kukaa na mama mzee ukamuelewa bila mtu wa katikati. Mdogo wangu mmoja wa Mwanga anayesoma takwimu alikuwa anaona aibu kuandika Kiha kwenye CV, nikamwambia kiandike, mstari wake peke yake, juu.

Tatizo la nyumbani lenyewe

Kuna kitu kinachofanya likizo ya nyumbani iharibike na kinawapata sana mabinti. Ukirudi unaonekana upo. Mtoto wa shangazi ana harusi, bibi anahitaji mtu wa kumpeleka hospitali ya Maweni, duka halina mtu, wageni wanakuja, na wewe si umefunga chuo? Siku nane zinaisha hujafungua daftari. Kusaidia nyumbani ni haki yao na ni wajibu wetu, sisemi ukatae, nasema ongea mapema kabla hata hujafika. Mimi nilimpigia mama nikiwa bado chuo, nikamwambia, "Mama shikamoo, nakuja, ila Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi mpaka saa tisa ni za kazi kama vile nimeajiriwa, jioni na wikiendi mimi ni wako." Akanyamaza kidogo, akauliza na hiyo kazi wanakulipa? Nikasema hawalipi mama, ila wataniandikia barua. Akasema haya mwanangu, na kuanzia siku ile mtu akija kuniulizia asubuhi mama anasema yuko kazini. Lile neno kazini lilinijenga kuliko sifa yoyote ya darasani.

Pa kuomba huku, na ya kuangalia

Samaki na maji, kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kigoma. Ila sikiliza kitu ambacho wakati wangu hakikuwepo, mwaka 2024 uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukipanga fildi ya mwaloni Julai bila kuuliza ratiba ya mwaka huo unaweza kukuta boti zote zimepaki mchangani. Uliza kwanza, omba ianze Agosti katikati, au omba kazi ya kuchambua data za nyuma kipindi ziwa limefungwa.

Kilimo, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Kihinga ndiyo kituo cha utafiti wa michikichi, na tangu 2018 serikali ilipoanza kulisukuma zao hili upya kazi ya miche ya tenera, aina ya mchikichi yenye mafuta mengi, imekuwa kubwa, mtu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, hapo anapata vitu vya kushika kwa mikono. Afya kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni na hospitali za wilaya, na mimi napenda za wilaya zaidi kwa mwanafunzi maana unapewa majukumu haraka. Usafirishaji na biashara kuna bandari inayohudumia mizigo ya Kongo na Burundi, na kuna ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora kuja huku kwa wahandisi. Ustawi wa jamii kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, lakini kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani na huombi wewe, inaomba taasisi inayokupokea, kwa hiyo anza na taasisi, na anza miezi kadhaa kabla.

Gombe na Mahale nazo ni hifadhi za sokwe chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, usiende na bahasha asubuhi ukitegemea kupokelewa siku hiyohiyo. Lakini omba. Nataka niseme jambo kuhusu Gombe kwa sababu naona wengi wenu mnatamka "natokea Kigoma" kwa sauti ya chini kama vile mwisho wa reli ni mwisho wa dunia. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, ana miaka 26, hana digrii yoyote, na PhD ya Cambridge alikuja kuipata baadaye kwa kazi aliyoifanya hapa, juu ya vilima ambavyo kutoka Kibirizi ni safari ya boti ya masaa machache tu. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale tangu 1965. Watu wamevuka bahari kuja kutafuta nyumbani kwetu kile ambacho sisi tunakikimbia tukadhani kiko Dar.

Na kuna sehemu ya hiyo historia inayonigusa kuliko yote. Mei 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, Kongo ya sasa, wakaja kuachiwa baadaye, lakini baada ya hapo watafiti wa nje hawakuweza kukaa tena kama zamani. Kazi haikusimama. Walioiendeleza ni Watanzania wasaidizi wa utafiti, wengi wao watu wa vijiji vya pembezoni mwa ziwa, waliokuwa wanaamka kabla ya jua kuwafuata sokwe na kuandika walichokula, nani kazaa, nani kapigana, siku baada ya siku miaka na miaka. Data za Gombe zinazosifika duniani kwa urefu wake hazikukatika kwa sababu yao. Wewe una darasa ambalo wao hawakulipata, una GPA, una laptopu hata kama betri yake imechoka, halafu unaniambia huku hakuna cha kufanya?

Lini ubaki mjini

Nilisema nitasema ukweli. Baki kama lekcha ameshakuandikia, narudia ameshakuandikia kwa imeili au meseji, vitu vitatu, kazi yako ni ipi, inaanza tarehe gani, na utaripoti kwa nani akiwa hayupo. Kumuuliza hivyo siyo kukosa adabu, anza na shikamoo na shukrani kisha uliza wazi, lekcha mwenye mradi wa kweli atafurahi kuulizwa maana ndivyo watu wa kazi wanavyouliza. Akijibu "nitakupigia", mpe wiki moja, kisha kata tiketi ya Kigoma.

Baki pia kama uko mwaka wa mwisho na projekti yako imetoka vizuri kiasi kwamba supavaiza amesema tuigeuze makala. Hiyo usiiache kwa gharama yoyote, miezi miwili ya kukaa naye mkisafisha kurasa kumi inakuweka mbele sana kwenye foleni ya TA na ya masta, na projekti ikishalala miezi sita kwenye flashi haiamki tena, nimeona nyingi.

Na wale wa kujifungia kuomba skolashipu

Yule wa 4.5 ndiyo mpango wake, likizo yote ndani na bando, kuomba kila kinachopita kwenye magrupu ya wasapu. Mdogo wangu, hiyo ni kazi ya jioni, asubuhi yako iwe na kitu kingine, la sivyo hiyo barua ya motisha utaijaza nini? Na siyo kila kilichoandikwa fursa ni chako. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, masaa 2,800, wewe unayemaliza mwaka wa pili usitumie hata dakika moja ya bando lako hapo kwa sasa. Skolashipu nyingi za DAAD ya Ujerumani za masta za mambo ya maendeleo nazo zinataka miaka miwili ya kazi. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ndiyo inayokufaa, kozi nyingi zinafungua maombi kuanzia Oktoba mpaka Januari na zinampokea aliye mwaka wa mwisho bado hajamaliza, kwa hiyo likizo ya kuingia mwaka wa tatu ndiyo wakati wa kuandaa, pasipoti, transkripti ya miaka miwili, CV ya kurasa mbili, na warefa wako uwe umeshawaambia kabla fomu haijawatumia imeili ya ghafla. Mtu yeyote anayekutaka ulipe hela ya usajili ili akuingizie jina kwenye skolashipu, mkimbie.

Wa Kasulu, wewe unayesoma ualimu wa sayansi na una 3.9, kwako sina hata cha kulinganisha, rudi. Shule za sekondari huko kwenu zina uhaba wa walimu wa fizikia na hesabu, mkuu wa shule atakupa vidato viwili na utafundisha kweli, utasahihisha madaftari sabini kwa usiku mmoja, na utajua kabla ya mwaka wa tatu kama hii kazi unaipenda. Ukikuta unaipenda, niambie, nitafurahi kuliko ukiniambia umepata fasti klasi.

Jambo la mwisho la vitendo kwa wote mnaorudi. Barua ya utambulisho ya chuo chukueni kabla ya pepa ya mwisho, nakala tatu, zote ziwe na muhuri wa wino, siyo fotokopi, maana ofisi zinaondoka likizo kabla yenu na ukiwa Kigoma bila muhuri hakuna atakayekupokea. Na siku ya mwisho kabla ya kwenda stendi au stesheni, piteni ofisini kwa lekcha mmoja anayewajua kwa jina, msalimieni, mwambieni mnakwenda kufanya nini, wiki ngapi, na kwamba mtamtumia ripoti mkirudi. Mimi yule lekcha niliyemuaga mwaka wa pili alininyanyulia macho kutoka kwenye marundo ya skripti akaniambia Kigoma? Ziwa? Hebu kaa kwanza.